Jani Nililofutia Meza

Vijana wangu, mkitaka kuniuliza kama ualimu wa shule ya msingi unafaa, msije wakati naanika kahawa, maana nitawapa kwanza kazi ya kuigeuza ndipo niwajibu. Na jibu lenyewe mnalijua, wenzenu wameshawaambia. Sijui. Nenda ukakae darasa la kwanza mpaka shule zifungwe, halafu uje uniambie wewe. Wengine hununa wakisikia hivyo. Walitaka niwaambie ajira zinatoka lini, kana kwamba mimi ndiye ninayezitoa.

Juzi baada ya misa alinifuata binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita, simu mkononi, kucha zimepakwa rangi vizuri kabisa. "Shikamoo, mwalimu," akaniambia. "Eti mtu anajuaje kama ana wito?" Nikamjibu kwamba wito sijawahi kuuona kwa macho, ila nimewahi kumwona mwalimu akimfuta makamasi mtoto wa watu kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika kitabu, na hadithi inaendelea bila kukatika. Akacheka. Alidhani namtania, nami sikuwa namtania hata kidogo. Basi haya ninayoyaandika ni kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wengine mnaozunguka zunguka uani kwangu mkijifanya mmekuja kuomba ndizi.

Kwanza mjue kwamba mimi si mtu wa mlimani. Nimeolewa huku Kibosho, nimezalia huku, na nikifa nitazikwa kwenye kihamba cha mume wangu, shamba la ukoo wao, katikati ya migomba. Lakini nilizaliwa chini kule tambarare, kwenye kambi ya wafanyakazi wa miwa. Baba yangu alitoka Singida kuja kukata miwa, na kambini kwetu kila nyumba ilikuwa na kabila lake. Mlima tuliuona asubuhi kabla ya mawingu kuufunika. Waliokaa huko juu tuliwajua kwa ndizi zao tu.

Nilipomaliza kidato cha nne, baba alikuwa ameshanitafutia kazi ya ukarani kwenye mizani ya miwa. Ofisi ile ilikuwa na feni. Kwa mtu aliyekata miwa juani tangu ujana wake, kumwona binti yake amekaa chini ya feni ulikuwa ndio ushindi wenyewe. Nami nikamharibia ushindi wake mezani, ugali ukiwa bado unatoa moshi. Nikamwambia nataka kuwa mwalimu.

"Umewahi kumfundisha nani?" akauliza.

"Bado, baba."

"Sasa unajuaje kama unaweza?"

Swali hilo ndilo ninalowauliza nyinyi leo. Aliyeniokoa ni Mwalimu Aurelia. Yeye alikuwa amenifundisha darasa la kwanza pale kambini, kisha akahamishiwa kwao Kibosho. Alileta habari kwamba mwalimu wa la kwanza shuleni kwake amekwenda kujifungua, na wanatafuta mtu wa kushika darasa mpaka shule zifungwe. Baba akasema, "Nenda. Lakini siku ukilia, urudi. Ile nafasi haitakaa wazi ikikusubiri wewe." Tukakubaliana hivyo. Mimi nilijiona jasiri sana, nikaona sharti la kutolia ni jepesi.

Mwalimu Aurelia alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, na hapo ndipo siri yake ilipokuwa. Darasa likipiga kelele, wengine tunapandisha sauti, nao wanapandisha, mwisho mnakuwa sokoni. Yeye aliishusha. Alisema jambo zuri kwa sauti ya chini kabisa, kwa mfano habari ya fisi aliyeiba chungu cha kiburu, ndizi na maharage, na waliokaa mbele wakaanza kuwanyamazisha wa nyuma ili wasikie. Jaribuni, inafanya kazi hata leo. Inafanya kazi hata kwa waume.

Alinikataza pia kuuliza "mmeelewa?" Mkiuliza hivyo watoto watawaitikia "ndiyoooo" mpaka bati litikisike, na hakuna aliyeelewa kitu. Mwambie mtoto akuonyeshe. Chaki mpya ivunjeni katikati, haitalia ubaoni. Msiwape mgongo wote mnapoandika, simameni upande upande. Mtoto anayesinzia asubuhi msimkemee kabla ya kumuuliza alikula nini jana, maana mara nyingi jibu lake litawatoa ukali wote. Na jina la mtoto lijueni siku ya kwanza. Ukimwita "wewe mwenye sweta" utakuwa umeliita darasa zima, huku mlimani kwenye baridi nani hana sweta?

Msidhani pia kwamba mtoto wa la kwanza atakufichia siri. Miaka yangu ya mwisho kazini alitujia mthibiti ubora wa shule, mtu wa heshima, amekaa nyuma na kalamu yake. Somo likaenda kama maji, watoto wametulia, mimi nimevaa kitenge cha sikukuu. Akamwinamia mmoja akamwambia mnakaa vizuri, hongereni. Mtoto akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka ofisini, "Mwalimu alisema wewe ukiondoka ndiyo tutacheza." Nilitamani sakafu ipasuke. Yule bwana alicheka mpaka akavua miwani, na tangu hapo sijawahi kuwafundisha watoto kukaa kwa ajili ya mgeni.

Turudi kwenye jaribio langu. Mwanzoni mambo yalikwenda. Watoto walikuwa wengi, Kiswahili wanakijua nusu, nyumbani kwao ni Kichagga tu, na mimi Kichagga changu kilikuwa cha kununulia ndizi. Nikabuni kitu. Nikachimba udongo nyuma ya darasa, nikafinyanga herufi zote, kubwa za kushikika, nikazianika dirishani. Nilitumia Jumamosi nzima, magoti yakaniuma. Udongo wa huku juu ni mzuri kwa migomba, kwa ufinyanzi haufai. Hauna mshikamano. Herufi zikakauka zimejaa nyufa, m ikapoteza kipande cha mguu hata kabla ya mtu kuigusa. Lakini nilizipenda. Zilikuwa kazi yangu ya kwanza ya ualimu.

Kulikuwa na mtoto anaitwa Manka. Mdogo, sweta la kaka yake linamfika magotini, na hakuna kitu alichokiona asikiguse. Jumatatu ile, wenzake walipotoka mapumzikoni, yeye akabaki. Akazishusha herufi zote akazipakata ili azitazame. Kengele ilipolia akashtuka akasimama, na zote zikaanguka sakafuni zikawa mchanga.

Nilifoka, vijana wangu. Mbele ya darasa zima nilimwambia, "Mikono yako ni ya kubomoa tu!" Manka hakulia. Alitazama mikono yake, akaificha ndani ya sweta, akaenda kukaa.

Kesho yake asubuhi nilipoingia, alikuwa amesimama kando ya meza yangu peke yake. Darasa limetulia ajabu. Juu ya meza kulikuwa na jani refu la kijani, limefungwa fundo katikati. Nikamuuliza hiki nini, akalisukuma tu karibu yangu. Nikaona ni michezo ya watoto. Na kwa kuwa meza ilikuwa na vumbi la chaki, nililichukua lile jani nikafutia meza vizuri, pembe zote, kisha nikalitupa dirishani kwenye mibuni.

Manka akarudi mahali pake, na tangu dakika ile darasa likafa. Sina neno lingine. Nikiandika ubaoni wananakili. Nikiuliza swali, wanatazama miguu yao. Hakuna mkono uliopanda. Hata yule mropokaji wa dawati la nyuma, ambaye alikuwa akijibu kabla hujamaliza kuuliza, naye akawa bubu. Niliimba, nikarukaruka, nikajifanya fisi. Walinitazama kama watu wanaosubiri mvua ipite. Wiki ikaisha hivyo, nyingine ikaanza hivyo hivyo, nami nikaanza kukunja nguo zangu. Nilijiambia baba alikuwa sahihi, wengine tumeumbwa kwa ajili ya mizani na feni. Iliniuma, kwa sababu kabla ya siku ile nilikuwa nimeanza kuamka asubuhi nikiwa na hamu ya kuwaona.

Mwalimu Aurelia hakuwepo wakati huo wote, alikwenda Tarakea kumzika shangazi yake, na mazishi ya huku mnayajua, mtu harudi kesho yake. Aliporudi akaja kukaa nyuma ya darasa langu kipindi kimoja tu. Kengele ikalia, watoto wakatoka bila hata kusukumana.

"Umewafanya nini hawa?" akauliza.

"Sijawafanya kitu, mwalimu. Naona mimi sifai tu."

"Sijakuuliza kama unafaa. Nimekuuliza umewafanya nini."

Nikamsimulia yote, habari ya herufi, ya Manka, mpaka nikafika kwenye jani. Akaniambia nilieleze. Refu, kijani, lina fundo. Nikaeleza na jinsi nilivyofuta meza.

"Yesu na Maria!" akasema. "Umefutia meza isale?"

Akaanza kucheka, akaketi kwenye dawati dogo la watoto, akacheka mpaka machozi. Kisha akaacha ghafla, akanieleza. Huku mlimani mtu akimkosea mwenzake, hata kosa la damu, humpelekea jani la isale lililofungwa fundo. Aliyepelekewa hakatai. Anaweza kukasirika, anaweza kudai fidia, lakini kusamehe ni lazima.

"Na mtu mzima huwa anasindikizwa na wazee," akasema. "Huyu mtoto amekuja peke yake. Mbele ya wenzake wote. Na wewe umetupa dirishani."

"Sikujua, mwalimu. Kwetu hakuna kitu hicho."

"Najua hukujua. Wao hawajui kwamba hukujua. Wanachojua ni kwamba ukikosewa wewe hakuna dawa. Sasa nani atainua mkono ajibu? Akikosea je?"

Hapo ndipo nilipoielewa kazi hii kwa mara ya kwanza. Mtoto anayejifunza kusoma anakosea kutwa nzima, ndiyo njia yenyewe, na mimi nilikuwa nimeifunga kwa jani moja. Nikamwomba Mwalimu Aurelia aingie akawaeleze kwa Kichagga kwamba mimi ni mgeni. Akakataa. "Nikiwaeleza mimi, darasa litakuwa langu," akasema. "Wewe si umekuja kujua kama unaweza? Haya, jua." Nikamuuliza kama mkubwa huweza kumpelekea mtoto isale. "Sijawahi kuona," akasema, "lakini sijasikia pia kwamba imekatazwa."

Jioni ile nikaenda kutafuta isale, na mtaona kwamba ujinga wangu ulikuwa haujaisha. Nikaiona mistari mizuri ya majani yale kati ya vihamba viwili. Nikashika shina, likanishinda kukata, nikavuta. Likang'oka lote na mizizi.

"We binti! Unang'oa mpaka wangu!"

Ni mzee mmoja, meku mwenye kofia ya sufu, anakuja na panga alilokuwa akikatia majani ya ng'ombe. Isale ndiyo mipaka ya mashamba huku, imepandwa mbele ya wazee, na mtu anayeing'oa anatafuta kesi. Nilimwamkia shikamoo mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nikamweleza kwamba nataka kumwomba mtu radhi.

"Nani?"

"Mtoto, babu. Wa darasa la kwanza."

Nilitegemea acheke au anifukuze. Aliweka panga chini, akalirudisha shina lile shimoni, akalishindilia kwa kisigino huku akichungulia kama jirani yake ametuona. Kisha akaenda karibu na nyumba, akachuma jani moja kwenye isale yake ya uani, akalifunga fundo mwenyewe, maana mimi nilishindwa. "Ukifika usiongee sana," akaniambia. "Hili linatosha."

Asubuhi niliingia darasani. Walimu wawili walikuwa wameniona mlangoni na jani mkononi, wakaniambia nisijivunjie heshima, kwamba mwalimu akiomba radhi kwa mtoto hatasikilizwa tena. Mjue mtaambiwa hivyo hata nyinyi, na mtaambiwa na watu wazuri tu. Nikaenda mpaka dawati la Manka. Nikapiga magoti, kwa sababu alikuwa mfupi, nikamwekea jani mbele yake. Nikasema, "Manka, nisamehe." Nikanyamaza kama meku alivyoniagiza.

Manka alilitazama jani, akanitazama mimi. Hakuwa na haraka yoyote.

"Mwalimu," akasema, "la kwangu ulilitupa."

"Nililitupa. Sikulijua."

Darasa zima lilikuwa limesimama kwenye madawati ili lione.

"Hili mimi sitalitupa," akasema, akaliingiza ndani ya sweta lake.

Nikarudi ubaoni. Nikaandika herufi moja tu, n, nikauliza ni herufi gani. Mikono ikapanda, yote, mpaka ya wale ambao hawakuwa wamesikia swali. Nikamchagua Manka. Akasimama, akatoa sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Ni m!"

Alikosea. Vijana wangu, nimefundisha maisha yangu yote, nimepata majibu sahihi mengi mno, na hakuna lililonifurahisha kama lile kosa. Nikawaambia wasome peke yao kidogo, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya darasa pale nilipochimba udongo, nikalia.

Na ahadi ni ahadi. Siku ukilia, urudi. Jumamosi nikateremka kambini. Baba alikuwa amekaa nje anavua buti za shambani. Alinitazama mara moja tu.

"Umelia."

"Nimelia, baba. Lakini sitaki kurudi. Nataka kwenda chuo cha ualimu."

Nikamweleza yote, na mara hii sikuruka kitu. Alisikiliza akiwa ameshika buti moja mkononi. Nilipomaliza nilisubiri ukali, nikasubiri habari ya mizani na feni. Yeye aliuliza jambo moja.

"Hizo herufi. Zilianguka kutoka juu sana?"

"Hapana, baba. Magotini kwake tu. Udongo wa kule hauna mshikamano."

Akavaa buti tena akaondoka. Hakula nasi jioni ile. Mama akaniambia nimwache. Nilikata tamaa, nikajua nimempoteza baba ili nipate darasa, na nilikuwa tayari kwenda hivyo hivyo, huku moyo unaniuma.

Jumatatu alfajiri nilipotoka na mfuko wangu, nilimkuta uani anafunga gunia kwenye baiskeli. Lilikuwa linachuruzika maji. Ni ule udongo mweusi wa kingo za mifereji ya miwa, ambao sisi watoto wa kambi tulifinyangia ng'ombe tangu zamani. "Huu haupasuki," akasema. "Ukivunjika, loweka ufinyange tena. Twende." Nikamuuliza habari ya ile kazi. Akasema ameshawaambia wamtafutie mwingine, akaanza kuisukuma baiskeli.

Tulifika Moshi, gunia likapanda Landrova ya watu wa sokoni, na kutoka barabarani mpaka shuleni akalibeba begani, mtu ambaye hajawahi kupanda mlima ule. Akalitua mlangoni mwa darasa langu. Watoto wakamwamkia kwa pamoja, akaitikia kwa aibu. Wa kwanza kutumbukiza mikono mpaka kwenye viwiko alikuwa Manka. Akafinyanga huku ametoa ulimi nje, akamaliza, akaniletea herufi yake juu ya viganja vyote viwili. Nikaiweka dirishani, peke yake, mahali pa heshima.

Baba aliinama akaitazama kwa muda. Alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na herufi alizijua kwa shida.

"Hiyo m," akaninong'oneza, "ina miguu minne."

"Nimeiona, baba. Huo mmoja tutautoa kesho."

Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, akateremka kurudi kwenye miwa.